Pumzi ya Tumboni

Makubaliano na kamati ya sendofu yalikuwa mepesi: nichane (nirap) wimbo mmoja bibi harusi akishaketi, nilipwe hela ya kueleweka, na mwisho nipewe sahani yangu ya pilau na sato mzima. Kusema kweli, nilisikia hapo kwenye sato tu.

Kazi ilikuwa kwenye wimbo wenyewe. Biti ya mapigo 90 kwa dakika, ubeti wa mistari 16, kila mstari mapigo manne. Piga hesabu: mstari haufiki sekunde tatu, ubeti mzima ni sekunde kama 43, nami nilikuwa nimeujaza maneno hadi hapakubaki pa kumeza mate. Nikifika katikati macho yananitoka, sauti inabaki ya mtu anayeomba maji.

Nikamfuata mwalimu mmoja wa kwaya, mzee wa Mabatini hapa Mwanza, ambaye muziki wa kuchana anauita "ugomvi wenye ngoma".

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Lala chali."

Habari za nyumbani hakuuliza. Nikalala sakafuni, akaniwekea kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, akasema nivute hewa: kitabu kipande, mabega yasitikisike. Kuna msuli chini ya mapafu, unaitwa kiwambo. Ukivuta hewa vizuri unashuka, na tumbo linasogea mbele kuupisha. Ukipandisha mabega unajaza juu juu tu, halafu koo linakaza na sauti inakwaruza. Baada ya hapo nitoe hewa kwa "sss" nyembamba, kidogo kidogo, nisiimwage yote mwanzoni. Mjukuu wake alisimama mlangoni akinihesabia. Alipochoka kuhesabu akauliza, "Babu, huyu mjomba amekufa?"

Halafu mzee akaomba karatasi ya mistari yangu. Akachukua kalamu nyekundu, akawa anaweka mkwaju, alama ya /, kila mahali pa kuvuta pumzi, na pasipo na nafasi anafuta neno. Alifuta hadi jina langu la kisanii, lililokuwa limejirudia kupita kiasi. Nikalalamika.

"Msikilizaji hajui ulichofuta," akasema. "Ila ulipokosa pumzi anapajua."

Kwenye mistari ya mbio, akanionya, pua haikufai, inachelewa. Mwisho wa mstari dondosha taya, achama kama mtu aliyetajiwa bei ya sato soko la Mwaloni, hewa iingie yenyewe, kwa mkupuo, bila kelele. Kwenye kiitikio, kwa kuwa pale unaimba, irabu ya mwisho iachie iende, usiibane puani. Yule mzee anajua kazi yake. Siku ya sendofu ilipofika, mistari yote 16 nilikuwa naimaliza na chenji inabaki.

Sherehe ilikuwa kwenye bustani moja Luchelele, ziwa lile pale. Tarehe, kamati iliipanga kwa kuangalia mshahara. Mwezi wa angani hakuna aliyeuangalia, na mwezi mwandamo ndipo wale wadudu wa ziwani wanapopenda kutoka kwa wingi. Mgeni akiliona wingu lao kwa mbali hudhani kuna mtu anachoma takataka majini. Hawaumi, hawana sumu, maisha yao mafupi sana. Shida yao ni moja: wakiona taa, wanakuja.

Na taa kubwa kuliko zote ilikuwa juu ya kichwa changu.

Nilimwona dijei akifunika mashine zake kwa kitambaa. Wapishi wakafunika masufuria. Akina mama wakavuta khanga hadi puani. Nikajua kuna jambo, lakini biti ilishaanza, na msanii hakimbii biti.

Mstari wa kwanza safi. Wa pili safi. Kwenye mkwaju mwekundu nikadondosha taya kama nilivyofundishwa, tumbo likatoka, kiwambo kikashuka, na wingu zima likaingia. Pumzi ya mabegani ingeingiza wachache. Hii yangu ilikuwa ya kitaalamu. Wengine walipita moja kwa moja. Waliobaki walinata juu ya kaakaa, vibawa vikavu, ladha ya tope na dagaa wa jana.

Nikahamia puani. Chafya ilitoka, kwa bahati, sawasawa kwenye pigo la nne, na vijana wa nyuma wakapiga kelele, "Rudia!" Nikazungushia kiganja kichwa cha maiki ili wasitue. Maiki ikifumbatwa hivyo inaanza kudaka sauti za spika, ikalia piiii ndefu hadi bibi harusi akaziba masikio. Shangazi yake akaja kunitunza, akanibandika noti ya elfu tano kwenye paji la uso, akaibandua, akaitazama, akaikung'uta, akairudisha kwenye pochi yake.

Kiitikio nilitegemea ukumbi. Nikanyoosha maiki: "Anaondokaaa!" Ukajibu, "Mmmmm," maana kila mtu alikuwa amefumba mdomo. Mzee mmoja wa meza ya mbele, mvuvi kwa kumtazama, akanipungia mkono. "Meza tu, kijana! Dagaa unaokula kila siku wanakula hao hao."

Nikameza. Nikamaliza wimbo kwa meno yaliyofungwa na midomo isiyogusana, jambo lisilowezekana kwa herufi P na B, hivyo "baba" na "bibi" hawakupata shukrani zao usiku ule.

Baadaye nikamfuata mhazini wa kamati. Hela akanihesabia yote, sina neno. Nikauliza sahani yangu.

"Sahani ipi tena?" akasema, huku anafunga daftari. "Tumempa dijei. Wewe si tumekuona wote ukila jukwaani?"