Mlembe mmemsahau

Mwandishi wa makala yenu ya nyuki anasema utitiri wa varoa, kidudu kinachoganda mwilini mwa nyuki, "unanyonya damu ya nyuki", basi. Mwaka 2019 Samuel Ramsey na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa kwa nyuki aliyekomaa utitiri huo hula hasa tishu ya mafuta, ile inayomfanyia kazi kama ini. Huku Sikonge, Tabora, tunarina kwenye mizinga ya magome na dawa ya utitiri sijawahi kutia. Nyuki wetu wakali hivyohivyo husafishana utitiri.

Ila mlembe, yule ndege wa asali, mbona hamkumtaja? Anakuita mpaka kwenye asali, unamwachia masega apate nta, mmemalizana. Kumbe huyohuyo hutaga kwenye kiota cha keremkerem, ndege mla nyuki, na kinda lake huanguliwa na ndoana mdomoni za kuulia makinda ya mwenye nyumba! Babu alimwita jirani mwema. Keremkerem sijui angemwitaje.