Korona ilipita Nairobi, mitungi ya maji ikapita nayo

Kuna kitu kinaniuma kila nikipita steji za tao siku hizi: ile mitungi ya kunawa mikono ilienda wapi? 2020 kila steji ilikuwa nayo, mtungi wa plastiki juu ya stendi ya mbao, koki chini, kando yake chupa ya soda imejazwa sabuni ya maji na kifuniko kimetobolewa na msumari, makanga anakumiminia kwanza ndio upande, na matatu ya watu 14 inabeba 8 pekee. Leo koki hakuna na gari inajazwa mpaka watu wanakalia sambaza, ule ubao unaowekwa kati ya viti.

Tunaambiwa korona ilibadilisha jiji. Ni kweli, kafyu ilianza 27 Machi 2020 ikaondolewa 20 Oktoba 2021, ofisi za Upper Hill zikabaki tupu, mama mboga wa nje ya hizo ofisi akakosa wateja, na watu waliofutwa kazi wakaanza kuuza mayai na viazi kwa buti ya gari kando ya barabara. Lakini kwa jambo moja Nairobi haijabadilika hata kidogo: ugonjwa ukiingia, wakubwa huanza kwa kuuliza nani afungiwe na nani ahamishwe, mambo ya maji na mitaro baadaye.

Na hii si ya juzi. Reli ilifika hapa 1899, tauni ikazuka kwenye Bazaar ya Wahindi 1902, na wakoloni wakaichoma Bazaar yenyewe. Halafu 1913 Profesa Simpson, daktari aliyeletwa kutoka Uingereza, akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae kila mmoja kivyake, eti kwa sababu ya afya. Hebu simama Thika Road uangalie Muthaiga ya matajiri upande huu na Mathare ya mabanda upande ule, halafu uniambie kama hiyo ramani imefutika.

Sasa rudi Mei 2020. Eastleigh ikafungwa, na Old Town kule Mombasa pia, hakuna kuingia wala kutoka. Mwezi huo huo, hapa Nairobi mtaani Kariobangi, maelfu ya watu wakabomolewa nyumba, mvua inanyesha, kafyu ipo, na mahakama ilikuwa imeshatoa amri ya kusimamisha ubomoaji. Yaani redioni unaambiwa ukae nyumbani na tingatinga iko mlangoni! Mimi hilo sijalisamehe mpaka leo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tuliona inawezekana. Visima vilichimbwa mitaa ya mabanda, watu wakagawiwa maji bure, kumbe pesa ilikuwepo. Hofu ilipoisha watu wengi wakarudia kununua maji kwa mtungi wa lita 20, na bomba likikauka wiki nzima bei inapanda vile muuzaji anataka, na ukiwa na watoto wanne unachagua kati ya kupika na kufua. Kipindupindu nacho kilikuwa hapa 2017, kikarudi 2022.

Wenye matatu wanalipa kaunti ada ya steji, wafanyabiashara wa soko wanatozwa kila siku. Hiyo pesa ilipe koki ya maji na sabuni kila steji na kila soko, waanze na Gikomba, Muthurwa na Mathare, na waanze sasa hivi wakati hakuna mtu anatangaza idadi ya wagonjwa kila jioni.