Jua la saa moja asubuhi halimtoshi mtoto

Mtoto wangu wa kwanza nilimlea hapa Ngamiani, mjini Tanga, kama nilivyoona wenzangu wakilea: fulana, sweta, kofia ya uzi, soksi, na khanga juu yake. Kusi likivuma mwezi wa saba, mama mkwe huniambia, "Mwanangu, mfunike mtoto, upepo huu haufai." Saa moja asubuhi tunamtoa barazani apate jua, uso tu ndio uko wazi. Saa mbili tumesharudi ndani. Nikaamini vitamini D, ile ya kuimarisha mifupa, ameshapata.

Hakuipata. Ngozi hutengeneza vitamini D inapopigwa na aina moja ya mionzi ya jua, na jua likiwa bado chini upande wa baharini, mionzi hiyo karibu yote humezwa na hewa kabla haijatufikia. Kipimo chake ni kivuli. Simama uani: kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, mwanga upo lakini vitamini ni kidogo mno. Kikianza kuwa kifupi kuliko wewe, na kwetu Tanga hiyo ni baada ya saa tatu, ndipo ngozi inapofanya kazi. Nguo huzuia mionzi hiyo, na kioo cha dirisha pia, hata kama mtoto anahisi joto. Halafu ngozi zetu nyeusi, kwa ile rangi inayotukinga, zinahitaji muda mrefu zaidi ya ngozi nyeupe.

Sisemi tuwaunguze watoto. Anayetambaa au kutembea acheze nje kifua wazi kwa muda mfupi, kisha arudi kivulini. Mwenye ualbino asianikwe kabisa. Jua kwake ni hatari ya saratani ya ngozi. Na kichanga, ambaye ngozi yake bado laini, namwombea matone ya vitamini D. Maziwa ya mama ndiyo chakula chake bora, lakini vitamini D iliyomo ni kidogo, na kiasi kinachopendekezwa kabla ya mwaka mmoja ni yuniti 400 kwa siku, yaani maikrogramu 10. Ulizeni kliniki, msijipimie wenyewe, maana ikizidi sana nayo hudhuru.

Bila vitamini hiyo utumbo haufyonzi kalisi, madini ya kujenga mifupa, ya kutosha na mifupa hubaki laini. Utosi huchelewa kufunga, viungo vya mikono huvimba, miguu hupinda: matege. (Miguu kupinda kidogo kabla ya miaka miwili ni kawaida, inayozidi kupinda ndiyo ya kupeleka kwa daktari.) Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwatibu watoto wa namna hii kwa taa yenye mionzi kama ile ya jua, na mifupa yao ikaimarika. Wale waliishi kwenye jiji lenye baridi. Sisi wa Tanga tunalo jua mwaka mzima, tunamfungia mtoto chumbani mbele ya televisheni, na hilo linaniuma.

Lakini jua peke yake nalo halitoshi. Nigeria jua ni tele, na wapo watoto wanaopata matege kwa kuwa chakula chao ni nafaka tupu na kalisi ni haba. Ndiyo maana uji wa sembe mtupu kila siku unanitia wasiwasi. Dagaa wakavu tunaowapa kuku wana kalisi kwenye miiba yao. Wasage unga laini, tia kijiko kwenye mboga ya mtoto. Vibua wa pale soko la samaki la Deep Sea wana mafuta yenye vitamini D, na kiini cha yai kinayo kidogo.

Ombi langu ni kwa wenye vituo vya kulelea watoto wadogo hapa mjini. Wengi huwatoa watoto nje mara tu wanapofika, saa moja na nusu, halafu milango inafungwa hadi mchana. Sogezeni mchezo wa nje hadi saa tatu na nusu, na masweta yabaki ndani.