Dhamana ya kuchimba vilima Los Angeles: inamlinda nani, inamwumiza nani?

Jijini Los Angeles, mtu anayetaka kukata au kujaza udongo kwenye maeneo ya vilima, kiasi cha kuanzia yadi za ujazo 250, hapewi kibali mpaka aweke dhamana, yaani ahadi ya kampuni ya bima kwa jiji kwamba kazi haitaachwa njiani. Yadi 250 ni kama mita za ujazo 190, yaani tripu zaidi ya 20 za tipa la kawaida. Nyumba moja tu yenye gereji iliyochimbwa ubavuni mwa kilima inafika hapo bila shida. Kwa hiyo sharti hili haliwagusi matajiri wanaojenga mitaa mizima peke yao, linamgusa hata mkandarasi mwenye katapila moja na vibarua watatu.

Ukiuliza kwa nini jiji limekuwa kali hivi, jibu liko kwenye mvua. Kabla ya 1952 watu walikata vilima walivyotaka. Mvua kubwa za Januari mwaka huo zikashusha udongo kwenye nyumba za watu, na jiji likapitisha sheria ya kusimamia uchimbaji, kisha likaikaza mwaka 1963. Dhoruba za 1969 zilipopita, hasara ilihesabiwa. Katika viwanja vipatavyo 10,000 vilivyotengenezwa kabla ya 1952, 1,040 viliharibika. Katika vipatavyo 11,000 vilivyotengenezwa tangu 1963, viliharibika 17. Sijui sheria nyingi za ujenzi zenye ushahidi mzito kiasi hicho.

Hata hivyo, ushahidi huo ni wa mfumo mzima: ripoti ya mwanajiolojia, mhandisi anayepima udongo ulivyoshindiliwa, mkaguzi anayefika eneo la kazi. Dhamana ni kiungo kimoja tu, na hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo.

Dhamana hii ina pande tatu. Mwenye kibali anaahidi kumaliza kazi kwa mujibu wa ramani na kanuni, jiji ndilo linaloahidiwa, na kampuni ya bima inasimama kama mdhamini. Kazi ikitelekezwa, jiji linaweza kumtaka mdhamini aimalize au alipe gharama za kuuweka mteremko salama. Lakini hii si bima ya mkandarasi. Kabla ya kupewa dhamana anasaini mkataba wa kumrudishia mdhamini kila senti atakayolipa, na mara nyingi mwenzi wake wa ndoa anatakiwa kusaini pia. Mambo yakiharibika, nyumba ya familia inaweza kwenda.

Wanaoitetea wananiambia: tazama mteremko ulioachwa umekatwa nusu, Novemba imefika na mvua zinakaribia. Udongo umelegea, mifereji haijajengwa, kilichopo ni nailoni iliyotandazwa na mifuko ya mchanga. Mkandarasi amefilisika, simu haipokelewi, na tope linaanza kuingia gereji ya jirani wa chini. Nani atalipa? Bila dhamana ni jirani huyo au walipa kodi. Baada ya soko la nyumba kuporomoka mwaka 2008, miji mingi ya California ilibaki na miradi iliyoachwa njiani, na dhamana zilikuwa miongoni mwa vitu vichache vya kushika. Hoja hii naikubali yote.

Upande wa pili nao una uzito. Mdhamini hapimi kama mkandarasi anaujua udongo, anapima historia yake ya mikopo na fedha alizonazo benki. Tuseme dhamana ni dola 200,000. Mwenye rekodi nzuri anaweza kutozwa asilimia 2, dola 4,000 kwa mwaka. Mwenye rekodi mbaya anaweza kutozwa asilimia 10, dola 20,000, kwa mlima uleule na kazi ileile. Mhamiaji aliyeshindilia udongo miaka mingi lakini hana historia ya mikopo Marekani huanza nyuma ya kijana mwenye akaunti nono. Na ada hailipwi mara moja tu. Katika dhamana nyingi inarudi kila mwaka mpaka jiji liandike kwamba dhamana imeachiliwa. Ripoti ya mwisho ya mhandisi ikikaa mezani kwa mtu, anayelipa ni mkandarasi aliyekwisha kumaliza kazi.

Lipo pia pengo ambalo halisemwi sana. Kiwango cha dhamana hukokotolewa kwa wingi wa udongo na gharama ya kazi, pamoja na mifereji na kuta. Thamani ya nyumba zilizo chini ya mteremko haihesabiwi. Jirani anayeiona kama fidia yake anajidanganya, kwani ahadi imetolewa kwa jiji. Na hatari nyingine hazitoki kwa mkandarasi wa kibali. Kule Portuguese Bend, eneo la pwani katika Kaunti ya Los Angeles, mwaka 1956, ardhi ilianza kuteleza na kuharibu nyumba zaidi ya 100 wakati kaunti yenyewe ikijenga barabara na kumwaga kifusi juu ya mporomoko wa kale. Mahakama iliibebesha kaunti gharama.

Mimi nasimama na dhamana, ila si kwa sura iliyo nayo. Kwenye vilima ibaki, bila msamaha kwa mtu aliye na jina kubwa. Ipunguzwe kwa hatua: mteremko ukishashindiliwa na mifereji kukaguliwa, hatari kubwa imekwisha, na kuendelea kushikilia kiasi chote ni kumtoza mtu kwa hatari isiyokuwepo. Jiji nalo lifungwe na tarehe. Likipokea ripoti ya mwisho, liwe na siku maalumu za kuachilia dhamana au kueleza kwa maandishi kilichobaki, na likizipita, ada ya mwaka unaofuata ilipwe na jiji lenyewe.