Umeniachia Jiwe, Baba Toni

Mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, alipoingia uani kwetu na daftari la michango, mimi marehemu nilikuwa chumbani, nimelala kifudifudi, mgongo umepakwa dawa ya misuli mpaka shuka linawasha.

Lakini nisitangulize msiba kabla ya ugonjwa.

Nyumba yetu iko Mpumudde, hapa Jinja, Uganda. Jikoni tulijenga kaunta ya zege, juu yake vigae vyeupe. Vigae vyenyewe havina neno. Kasheshe ni ile mistari ya saruji katikati yake. Mafuta, unga wa posho, yaani ugali, magamba ya samaki ngege, vyote vinaijua njia ya kwenda kujificha mle. Mama Toni alikuwa akiisugua kwa mswaki wangu wa zamani, mpaka siku moja nikagundua kwamba si ule wa zamani.

Mwaka huu akasema basi. Alitaka graniti nyeusi kama ya dada yake kule Ntinda. Mimi nilifundisha kemia sekondari miaka 26, nikaona hatimaye ustaafu wangu umepata kazi. Nikamkalisha nikamweleza. Mbao ya mvule inapendeza, ila karibu na sinki itakunywa maji. Ile kwatzi ya kiwandani ni mawe yaliyosagwa yakashikanishwa kwa gundi ya plastiki. Ukiweka juu yake sufuria iliyotoka motoni, gundi inaungua na doa halitoki. Graniti haijali ndimu. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, ndugu wa damu wa lile jiwe la chokaa linalochomwa Tororo kutengenezea saruji, na asidi ikiligusa inalila.

Mama Toni akauliza, "Nyeusi ipo?"

Huo ndio uliokuwa mchango wake wote, na sasa ninakiri ulikuwa bora kuliko wangu. Nikafunga safari ya Kampala, ndimu mfukoni.

Yadi ya mawe ilikuwa Industrial Area, mawe yamesimamishwa kama vitabu kwenye rafu. Kijana muuzaji alinitajia bei ya graniti nyeusi, nikamuuliza kama na mlima umo. Hakucheka. Akanipeleka kwenye jiwe jeupe lililolazwa juu ya meza ya kukatia, lenye mishipa ya kijivu.

"Hii nayo graniti, mzee. Graniti nyeupe ya India. Hii nakupa kwa bei yetu sisi wawili."

"Una hakika ni graniti?"

"Mzee, mimi na mawe tumekua pamoja."

Simu yake ikalia, akageuka kuongea. Nikatoa ndimu, nikaitoboa kwa ufunguo wa nyumba, nikaikamua juu ya jiwe. Duara la upana wa kisahani cha chai. Nikainama, sikio karibu. Vipovu vidogo vikaanza kupanda. Jamani! Katika miaka 26 ya maabara zenye mirija iliyopasuka sikuwahi kupata jaribio lililokubali haraka namna ile.

"Kijana, kata simu!" nikampigia kelele. "Hii si graniti! Hii ni marumaru!"

Akaja, akafuta kwa kitambaa. Maji ya ndimu yakatoka, duara likabaki, limefifia kama jicho lenye mtoto wa jicho. Akafuta tena. Akatema mate akafuta. Akaenda kumwita bosi wake, mama mmoja mpole mwenye miwani, ambaye alipitisha kidole pale, akanitazama, akaniuliza taratibu:

"Mzee wangu ni mwalimu?"

"Wa kemia," nikajibu, kifua mbele.

"Basi umemshinda huyu mtoto. Ni marumaru. Na sasa ni yako."

Nilijaribu kueleza kuhusu haki za mnunuzi. Yeye alielekeza kidole kwenye duara tu.

Jiwe lilikuwa mita 2.4 kwa sentimita 60, unene sentimita 2. Nilipiga hesabu njiani, kilo karibu 80, ili nisifikirie uso wa Mama Toni. Jiwe kama hilo halisafirishwi limelazwa, maana gari likiruka kwenye shimo linavunjika kwa uzito wake lenyewe. Husimamishwa kwa ubavu. Yule bosi, kwa huruma za mshindi, akatupa shuka jeupe la kulifunika lisikwaruzwe. Dereva wa pikapu naye akawasha taa za hatari tangu Kampala, akaenda mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Mimi nimekaa nyuma, mkono juu ya shuka, macho chini.

Mukono magari yakatupisha. Najjembe, pale msitu wa Mabira, ambako wauza kuku na gonja, ndizi za kuchoma, huvamia gari kama nyuki, walitukimbilia, wakasita, wakashusha vijiti vyao. Mmoja akaniambia, "Pole sana, mzee." Nikashangaa habari za bei zimefikaje huku.

Nyumbani vijana wanne walitosha kulishusha. Mimi nikajitia wa tano kwa kiherehere. Mgongo ukalia ka! Wakaliegemeza jiwe kwenye mwembe, kisha vijana wale wale wanne wakanibeba mimi kuniingiza ndani, wawili kichwani, wawili miguuni, mbele ya macho ya mtaa mzima. Nikameza vidonge viwili, nikalala fofofo.

Mama Toni alirudi sokoni jioni. Akavuta shuka. Kilichofuata nilisimuliwa na watu wengi, na wote wanakubaliana.

"Umeniachia jiwe, Baba Toni!" alipiga ukelele. "Jiwe jeupe! Ndiyo haya uliyoniahidi?"

Jirani wa upande wa pili wa ua alisikia. Baada ya nusu saa kulikuwa na viti, kuni na sufuria la posho. Mabugo, michango ya rambirambi, yakaanza kutolewa. Mtu akiniuliza kwa nini mke wangu hakuwasahihisha, jibu ni kwamba alidhani wamekuja kumliwaza kwa ajili ya jiwe, na akaguswa sana. Kila aliyempa pole alimjibu, "Asante, ndugu yangu. Na pesa zote zimekwenda naye huko Kampala."

Mwenyekiti akafungua daftari. "Mama, ilikuwaje?"

"Ndimu."

"Ndimu?"

"Ndimu moja tu, Mwenyekiti. Mtu mzima, na akili zake."

Mwenyekiti akaandika.

Mimi niliamshwa na wimbo wa kanisani, nikadhani ni redio. Kisha zikaanza sifa. Nilisikia kwamba nilikuwa mtu mkarimu, jambo ambalo lilinifariji nikalala kimya kulisikiliza zaidi. Mmoja akasema nilimsomesha mwanawe bila ada. Sikumbuki, lakini nani angekatiza maneno mazuri hivyo? Halafu akasimama jirani wa nyumba ya kona, sauti imejaa kamasi.

"Hata lile toroli lililoko kwangu," alisema, "marehemu alinipa kabisa, liwe langu."

"Mwongo!" nilifoka kutoka chumbani. "Lirudishe!"

Kukawa kimya hata ukasikia posho linachemka. Kisha viti vikaanguka. Sufuria likapinduka. Mwenyekiti, mtu wa miaka 60 na ushee, aliruka ua wa michongoma bila kuugusa, akaacha daftari. Mama Toni akabaki peke yake chini ya mwembe, akiniuliza kupitia dirishani nimewafanyia nini wageni wake.

Pesa tulizirudisha moja moja kwa kufuata orodha. Ukurasa ule una jina langu kamili, na mbele ya "sababu ya kifo" pameandikwa "ndimu".

Graniti nyeusi hatukuinunua, maana fedha zilikuwa zimeegemea mwembe. Fundi alilipandisha jiwe jikoni baada ya wiki mbili. Kusema kweli lina ubaridi mzuri, unga wa chapati haugandi juu yake, na Mama Toni hulisifu nikiwa sipo. Juu ya duara ameweka chupa ya chai, na haisogezwi. Ndimu nimepigwa marufuku nayo ndani ya nyumba. Ngege wangu namkamulia barazani, nimesimama, hata mvua ikinyesha.

Toroli lilirudishwa usiku, likaachwa getini. Gurudumu halipo.