Yule Mama wa Kwenye Noah

Ukitaka kujua ni nani anayeongea na watu wengi zaidi Dar es Salaam asubuhi, usinitajie mtangazaji wa redio. Ni yule mama wa Kijapani anayeishi ndani ya magari. Unazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka, inalia "pon!", na yeye anaanza: "Ii-tii-shii kaado ga soonyuu sarete imasen." Anasema mara moja, kwa adabu zote, kisha ananyamaza. Kesho asubuhi tena.

Kila dereva ana tafsiri yake. Kondakta mmoja wa Buguruni aliniapia kuwa ni dua ya safari. Fundi wangu anasema mama anataka ufunge mkanda. Shemeji yangu, ambaye Vitz yake ina sauti hiyohiyo, anaamini kuwa anakaribishwa yeye binafsi, na kila siku hujibu, "Ahsante, mama." Mimi tafsiri sikuwa nayo, nilikuwa na sauti. Kwa jinsi nilivyoiwasha ile Noah ya bosi alfajiri hadi alfajiri, sentensi nzima iliniingia kichwani: ile "pon", inapopanda, inaposhuka, na kale kapumzi kadogo baada ya "kaado ga".

Ndiyo maana bosi alipotangaza kuwa anakuja mgeni kutoka Japani, mhandisi mtu mzima, na anatakiwa dereva anayejuajua Kijapani, mkono wangu ulipanda kabla hatujashauriana. Posho ya mgeni wa nje ni posho nyingine, tusidanganyane.

"Wewe unajua Kijapani?"

"Kidogo, bosi."

"Hebu sema."

Nikamwaga sentensi ya mama, na "pon" yake. Ofisi ikawa kimya. Dada wa mahesabu akapiga makofi. Nikapewa mgeni.

Sasa ikabidi nitafute Kijapani cha kujazia. Sehemu ya kwanza niliyoelekezwa ndiyo ilikuwa bora kuliko zote, lazima niitendee haki. NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, lina idhaa ya Kiswahili, na lina masomo ya Kijapani ya kusikiliza yaliyoelezwa kwa Kiswahili, unayapakua bure. Kuna binti anaitwa Tam, katoka Vietnam kusoma Tokyo, unamfuata anavyohangaika na wewe unajifunza humohumo. Kwa Tam ndiko nilikopata "hajimemashite", la kumwambia mtu mnapokutana mara ya kwanza. Nikajua pia kuwa "hai" ni ndiyo, na vilevile ni namna ya kumwonyesha mtu kwamba unamsikiliza. Tatizo la Tam hana haraka. Mgeni wangu alikuwa anatua karibuni, nami nilitaka maneno ya jumla, si ya rejareja.

Jirani akanitajia Forvo, tovuti ambako watu wa kila lugha hujirekodi wakitamka maneno ya kwao. Nzuri, lakini inakula bando, na lazima wewe mwenyewe ujue neno la kuliulizia. Mwanangu akaniwekea Anki kwenye simu, programu ya kadi ambayo neno likikushinda inakurudishia upesi, ukiliweza inakupumzisha nalo. Ikanirudishia neno la mbwa mpaka nikamwonea huruma mbwa.

Nikaishia kwa kijana wa Kariakoo anayejaza nyimbo kwenye flashi.

"Mdogo wangu, una Kijapani?"

"Kipo, mjomba. Katuni au masomo?"

"Masomo. Maneno."

Akachomeka, akabonyeza, akasubiri. "Maneno elfu mbili hayo. Nipe buku mbili." Shilingi moja kwa neno! Hata mwalimu wa madrasa wa utotoni kwetu, aliyelipwa kwa unga, alikuwa ghali kuliko hapo.

Faili zilikuwa na namba tu. Mama anatamka neno, baba analirudia, kisha kimya kidogo ili na wewe urudie. Maana hakuna. Maana zilikuwa kwenye kitabu chake, na kitabu hakikuingia kwenye flashi. Halafu kijana hakufuta vya zamani, kwa hiyo baada ya "neko" na "kutsu" iliingia taarab moja ndefu yenye mafumbo ya mke mwenza, ikiisha mama wa Kijapani anaendelea palepale bila kuomba radhi.

Redio ya Noah nayo ni ya kwao. FM ya Kijapani huanzia 76, na redio ile iliishia 90, ndiyo maana stesheni kibao za Dar haizishiki. Basi nikatumia kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari: unakipa flashi, chenyewe kinarusha kwa FM, redio inadaka. Kwenye foleni iliyobanana kinadakwa hata na jirani. Dereva mmoja wa Passo alishusha kioo akaniuliza kama na mimi redio yangu ina mashetani, maana taarifa yake ya habari imekatwa na mwanamke anayesema "inu".

Nikarudia kila nilichoambiwa. Inu, inu. Kutsu, kutsu. Tamanegi, tamanegi. Abunai, abunai. Ubungo, Magomeni, Tabata, narudia. Ikafika mahali nikisikia Kijapani mdomo unarudia wenyewe, mimi nipo tu. Mke wangu akasema usingizini naongea vizuri kuliko nikiwa macho.

Siku ya siku, Uwanja wa Julius Nyerere, jengo la tatu. Mzee akatokea, mfupi, kofia ya turubai, begi moja. Nikainama. "Hajimemashite!" Uso ukamchanua, akainama kunipita, kisha akanimiminia Kijapani cha dakika nzima.

"Hai," nikasema.

Akamimina kingine.

"Hai."

Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba kwa hizo "hai" mbili nilikuwa nimekubali kumpitisha benki na duka la dawa. Ndiyo maana tulipoipita benki ya kwanza aligeuka kuitazama mpaka ikapotea, na ya pili akainyooshea kidole, na mimi nikasema "hai" nikaongeza gia.

Lakini nimeruka jambo. Nilipowasha gari pale maegesho, mama alisema yake. Mzee akashtuka, akaikodolea macho dashibodi, akaanza kucheka, kile kicheko cha kufuta machozi. Nikajua wamefahamiana, watu wa nyumbani hao. Ili na mimi nisibaki nje ya ukoo, nikairudia sentensi yote, na "pon" mbele. Mzee akanyamaza ghafla. Akanitazama. Akachomoa kadi ya benki kwenye pochi, akainyoosha kuelekea dashibodi huku anauliza kitu. Nikasema "hai". Akairudisha pochini haraka sana.

Barabara ya Nyerere ilikuwa imefunga. Tulipokaribia TAZARA mzee akaliona lile daraja la juu la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018 na kujengwa kwa msaada wa Japani, akajinyoosha kwenye kiti.

"Hashi," akasema, kidole kwenye kioo.

"Hashi," nikarudia.

Akatikisa kichwa. Kumbe neno hilo sauti ikipanda mwishoni ni daraja, ikianzia juu ikashuka ni vile vijiti vyao vya kulia. Nilikuwa nimeliita daraja la serikali vijiti.

"Hashi," akasema tena, taratibu.

"Hashi."

"Hashi!"

"Hashi!"

Ikawa raha. Hatimaye mwalimu mwenye macho, anayesikia ninavyosema! Mbele yetu palikuwa na Kanta imebeba vitunguu kwenye magunia ya wavu mpaka juu. Dereva wake alikuwa amepitiliza kituo cha mafuta, na kwa akili za dereva wa Dar akaona suluhisho ni kurudi nyuma ndani ya foleni. Taa nyeupe zikawaka. Kanta nayo ni ya Kijapani, ina mama yake.

"Bakku shimasu. Go-chuui kudasai," ikasema Kanta.

"Bakku shimasu. Go-chuui kudasai," nikarudia. Safi kabisa.

Mzee akashika mpini wa juu ya mlango. "Bakku shimasu!"

"Bakku shimasu!"

"Abunai!"

Hili nilikuwa nalijua! Lilikuwa kwenye flashi. "Abunai," nikamwambia, kwa matamshi ambayo hata yeye, nina hakika, aliyaonea fahari.

"ABUNAI!"

"ABUNAI!"

Kishindo. Honi ilikuwa sentimita chache kutoka kwenye kiganja changu muda wote huo na wala haikunijia kichwani. Taa ya kulia ikavunjika, bampa ikakunjika, gunia la juu likapasuka na vitunguu vikaanza kushuka juu ya boneti kimoja kimoja, vikigonga na kubiringika. Mzee akavitazama. Akavuta pumzi.

"Tamanegi," akasema.

"Tamanegi," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu nitoe buku mbili yangu, neno likaja na maana yake.

Trafiki akafika kwa mwendo wa mtu aliyeona chakula. Watu wameshajaa, wengine wanaokota vitunguu "kusaidia".

"Nani alikuwa anaendesha?"

Mzee, kwa heshima, akainama. "Nani?"

"Ndiyo. Nani?"

"Nani?"

Trafiki akanigeukia. "Huyu mzee ananichezea?"

"Hapana, afande. Kwao 'nani' ni 'nini'."

"Nini?"

"Ndiyo, afande."

Akatoa kile kimashine cha faini.

Pale ndipo dereva wa Kanta alipoharibu kila kitu. Alikuwa hana habari na taa yangu wala vitunguu vyake. Alichoona ni Mjapani. "Shikamoo, mzee," akasema. "Samahani, hebu nisaidie. Hili gari langu nikirudi nyuma linasemaje?" Mzee alikuwa na Kiingereza cha kuungaunga, na dada mmoja wa chuo aliyeshuka kwenye daladala akawa anakigeuza Kiswahili.

"Anasema gari linasema: narudi nyuma, tafadhali jihadharini. Na 'abunai' ni 'hatari'."

Umati wote ukanigeukia.

"Yaani lilikwambia," akasema trafiki.

"Lilimwambia, na yeye akaitikia," akasema dereva wa Kanta. "Nimemsikia kwa masikio yangu."

Utetezi wangu ukaishia hapo. Lakini habari zilishasambaa kwenye foleni kwamba pale mbele yupo mtu anayejua magari yanasema nini. Wakaanza kushuka. Mwenye Raum alitaka kujua kwa nini ramani ya kwenye skrini haijawahi kumwonyesha mtaa hata mmoja. Mzee akachungulia, akamwambia kwamba ramani hiyo ni ya Japani tupu na kwa mujibu wake bado yuko Nagoya. Mzee mwingine wa makamo, mwenye lori la mchanga, alieleza kuwa lake huongea tu akiwasha indiketa, akaigiza sauti: "Hidari ni magarimasu." Jibu likaja: nakata kushoto. Yule baba akashika kiuno. Miaka yote kila likisema hivyo alikuwa anasimama pembeni, anashuka, anaangalia maji ya rejeta.

Nami nikaona bora niulize la kwangu. Nikawasha Noah. "Pon!" Mama akasema. Wenye Noah, wenye Vitz, wenye Passo, wote wakanyamaza, maana hili lilikuwa la kila mtu. Mzee akaingiza mkono chini ya dashibodi, akagusa kiboksi cheusi ambacho mimi siku zote nilikidhani ni alamu. Dada wa chuo akasikiliza, akatafsiri. Kule kwao barabara kuu za kasi ni za kulipia, na tangu mwaka 2001 nchi nzima imewekewa mfumo wa kulipa bila kusimama: kadi inakaa kwenye kiboksi, geti linaisoma ukipita. Mwenye gari akiliuza anachomoa kadi yake, kiboksi anakiacha. "Anasema: kadi ya ETC haijachomekwa."

"Basi?" akauliza mtu.

"Basi."

Kondakta wa dua ya safari hakuwepo, Mungu amemstiri. Shemeji sijamwambia mpaka leo. Mimi nilikuwa nafikiria ile siku ofisini, bosi ananisikiliza kwa makini namwambia kadi haijachomekwa, na dada wa mahesabu anapiga makofi.

Trafiki alisubiri watu wapungue. Akamsogelea mzee, akavua kofia, akamnong'oneza yule dada kwamba nyumbani ana gari dogo, nalo linasema hivyohivyo, na mke wake hulijibu. Mzee akamwonyesha waya wa kuchomoa. Wakashikana mikono, wakainamiana. Nikadhani hapo tumemalizana kirafiki. Akarudi kwangu akaniandikia elfu 30.

Mzee alikaa na mimi kipindi chake chote cha kazi, alikataa kubadilishiwa dereva. Alinirekodia maneno kwenye simu kwa sauti yake mwenyewe, kila moja na kitu chake mkononi: funguo, chupa ya maji, kitunguu kimoja alichokitoa kwenye wipa. Benki tulikwenda. Bosi alikata hela ya taa kwenye posho, na ya bampa, na akabakiza kiasi cha kununua soda.

Taa niliinunua Gerezani kwenye maduka ya spea, imetumika, imetoka hukohuko Japani. Fundi alipomaliza kuifunga akaiwasha, na mimi nikamzuia asiondoke kwanza, tusikilize kama na yenyewe ina la kusema.