Kibali cha ujenzi: nani anakikwepa na nani hakifikii

Mafundi wengi wa miji yetu wanajua kwamba zege la msingi humwagwa Jumamosi. Siku hiyo maofisa wa halmashauri wako nyumbani, na ikifika Jumatatu tofali zimeshapanda kozi mbili tatu. Katika mji wa kiasi cha Iringa, kwenye miteremko ya pembezoni, si ajabu kukuta boma la tofali za kuchoma limepigwa X nyekundu na maneno "simamisha ujenzi, leta kibali", na chini ya maandishi hayo fundi anaendelea kusuka nondo za lenta.

Sheria iko wazi. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mpango bila idhini ya mamlaka. Mwombaji hupeleka fomu, michoro, uthibitisho wa umiliki na risiti ya kodi ya ardhi. Siku hizi maombi yanaweza kupitia mfumo wa mtandaoni wa Tausi wa TAMISEMI: unajaza, unapata kumbukumbu namba, unalipa. Faili hupitiwa na watu wa mipango miji, ardhi, afya na uhandisi.

Wanaosema kibali kwa nyumba ya kawaida ya chini ni usumbufu mtupu hoja yao ninaielewa, lakini siikubali yote. Chukua suala la choo na kisima. Umbali unaopendekezwa mara nyingi kati ya choo cha shimo na kisima ni mita 30. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 hakiwezi kutoa umbali huo hata ukiweka kimoja kwenye kona hii na kingine kona ya pili, kwa sababu kutoka kona hadi kona hazifiki mita 29. Na hata ukiamua kutochimba kisima, jirani anacho, na shimo lako laweza kuwa hatua chache tu kutoka kwenye maji anayokunywa. Fundi hawezi kuliona hilo, maana anaangalia ulichomwonyesha. Mwenye kiwanja naye haoni zaidi ya ukuta wake. Anayepaswa kuona viwanja vyote kwa pamoja ni halmashauri. Ndivyo ilivyo pia kwa mkondo wa maji ya mvua kwenye mteremko, na kwa upana wa njia: ikishazibwa na kuta za watu, gari la zimamoto halipiti tena.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi kuliko maofisa wengi wanavyokubali. Kibali kinadai uthibitisho wa umiliki, na maelfu ya familia mijini zina karatasi ya mauziano tu, iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi. Eneo halijapimwa, au urasimishaji, yaani kuyapima na kuyatambua rasmi makazi yaliyokwisha kujengwa, ulianza ukaishia kwenye kuchangisha wakazi. Mtu huyo tunamwita mkaidi wakati mlango wenyewe umefungwa kabla hajabisha. Halafu kuna michoro, ambayo hata kwa nyumba ya vyumba vitatu inaweza kula laki kadhaa, fedha ambazo kwa mwalimu au muuza mitumba ni mifuko mingi ya saruji.

Kuna pia suala la muda. Hati ya kiwanja kwa kawaida huja na sharti la kukiendeleza ndani ya miezi 36. Mtanzania wa kipato cha kawaida hajengi hivyo. Anachimba msingi mwaka huu, anapandisha kuta kikoba kikivunjwa, bati zinasubiri mazao au mkopo. Utaratibu mzima umewekwa kana kwamba fedha zote ziko benki siku ya kuomba.

Ninachoona mimi ni kwamba tumeuweka uzito wote kwenye karatasi ya mwanzo, tukausahau ukaguzi. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka katikati ya Dar es Salaam Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30 lilikuwa na kibali. Iliripotiwa kwamba kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizojengwa. Muhuri haukumzuia mtu kuongeza sakafu. Nyumba ya chini haiwezi kulinganishwa na ghorofa, lakini udhaifu ni uleule: tunakagua faili kwa makini kuliko tunavyokagua nondo.

Kwa nyumba ndogo za kuishi, halmashauri ingeandaa michoro michache ya kawaida, iliyokwisha kuhakikiwa na mhandisi wake, iuzwe kwa bei ya chini. Barua ya serikali ya mtaa ikubaliwe kama uthibitisho wa awali pale ambapo hakuna mgogoro wala eneo la hatari. Ada ilipwe kwa hatua, msingi kwanza, kisha lenta, kisha paa, na kila malipo yamlete mkaguzi kabla kazi haijaendelea.

Watapinga kwamba hilo litahalalisha ujenzi holela. Hatari hiyo ipo, hasa mabondeni na kwenye hifadhi ya barabara, na huko msimamo usilegezwe. Jambo linalonitia shaka zaidi ni wakaguzi wenyewe: ni wachache, na mara nyingi usafiri ni wa kubahatisha. Sehemu ya ada ya kibali ingetengwa kwa ajili ya pikipiki na mafuta yao, na zamu ya Jumamosi iwe na mtu.